Miguu Kabla ya Magurudumu

Barabara ya Taifa namba 5 ya Kongo, inapotoka Uvira kuelekea Baraka, haina pa kukimbilia. Magharibi milima ya Mitumba imesimama. Mashariki Ziwa Tanganyika limelala, mita 773 juu ya usawa wa bahari. Kati yake umebaki ukanda mwembamba unaogombewa na nyumba, mihogo, michikichi, nyavu za wavuvi na magari. Kila mto unaoshuka mlimani hauna budi kuikata barabara ili ufike ziwani. Kwenye ramani ni mstari mmoja wa kilomita tisini hivi. Kwa dereva ni mto, mchanga, mawe, tope, kisha mto mwingine.

Watu wakisimulia safari za huko husifu gari, na hawakosei sana. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza kuuzwa mwaka 1984, ilijengwa kwa ajili ya mateso: fremu nzito ya chuma, ekseli nzima nyuma, na injini ya dizeli ya 1HZ yenye silinda sita na lita 4.2, isiyo na tabo wala mambo mengi ya umeme, ambayo fundi wa Uvira anaweza kuifungua chini ya mwembe. Kando ya gia ya kawaida ipo ya pili, fupi. Ukiisogeza, magurudumu ya mbele nayo yanaanza kuvuta. Ukiisogeza tena unaingia kwenye gia nzito, ambapo injini inazunguka kwa nguvu na gari linatembea polepole kuliko mtu.

Lakini mashine hii ina namna ya kumdanganya mwenyewe. Magurudumu manne yanasaidia kwenda. Hayasaidii kusimama, kwa sababu breki za kila gari, hata taksi ya mjini, tayari ziko kwenye magurudumu yote manne. Tena gari la kawaida hukwama mapema, ukingoni mwa tope, mahali ambapo vijana wachache wanaweza kulirudisha. Hili lenye nguvu hukwama katikati. Mpe dereva asiye na subira gari zuri, naye atakwenda kuzama mbali zaidi na msaada. Kwa hiyo chuma nakiacha kwa wauza magari. Ninaowaajabia ni watu, na hasa kwa jambo moja wanalolifanya kuliko madereva wote niliowahi kupanda nao: hawasogei mpaka wameona.

Tuchukue mto. Mito ya Uvira, Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira, ni mifupi na mikali. Inazaliwa juu sana na kuangukia ziwani katika mwendo mfupi. Aprili 2020 Mulongwe ulifurika, ukabeba watu, nyumba na madaraja, ukaacha mawe mahali palipokuwa na vitanda. Mto wa namna hiyo hauna kivuko cha kudumu. Mvua moja kubwa huhamisha mchanga na mawe, na pale ulipopita jana salama leo pana shimo. Mvua yenyewe huenda hukuiona: ukanda wa ziwa ni mkavu, jua linawaka, na maji yanayokujia yamenyesha saa kadhaa zilizopita juu kwenye uwanda wa malisho.

Dereva anayejua kazi husimamisha gari mbali kidogo na ukingo na kuzima injini ili asikie. Mto unaovingirisha mawe husikika: mgongano mzito chini ya kelele za maji. Ukiusikia huo, mjadala umekwisha, mnakaa. Usipousikia, anatazama rangi. Maji ya kahawia yanayobeba majani mabichi na vijiti bado yanaongezeka. Takataka zilizokwama kwenye mawe juu kidogo ya usawa wa maji zinasema mto umeshaanza kushuka. Kisha anatazama uso wenyewe. Penye vijiwimbi vinavyotetemeka ni pa mawe na kina kifupi; palipotulia na kupendeza ndipo penye shimo. Mgeni huchagua palipotulia.

Halafu anauliza. Karibu kila kivuko kina akina mama wanaofua, na hao wameutazama mto tangu alfajiri.

"Jambo, mama. Mayi iko mingi?"

"Iko ya magoti, papa. Lakini pitia juu. Hapa chini motari ameanguka na pikipiki asubuhi."

Hata baada ya jibu hilo hajaridhika. Anavua viatu, yeye au msaidizi wake, utingo kwa Watanzania, konvoyeri kwa watu wa Uvira. Anaingia na fimbo, anavuka akifuata njia itakayopitwa na gurudumu la kushoto, kisha anarudi kwa njia ya gurudumu la kulia. Katikati hapiti, maana katikati hakuna gurudumu. Ni jambo dogo kabisa, na nimewaona wageni wenye magari ya thamani wakilikosa: wanapima kina cha mto mahali ambapo gari lao halitagusa. Kipimo chenyewe ni mwili. Mtu mzima akishindwa kusimama, gari nalo halipiti, kwa sababu maji yanayokwenda kasi yakifika tumboni mwa gari yanalisukuma na kulinyanyua kwa wakati mmoja.

Wakati huo wote gari linapoa, na kupoa huko ni sehemu ya kazi. Ekseli iliyotembea tangu asubuhi ina hewa ya moto ndani yake. Ukiizamisha ghafla kwenye maji baridi ya mlimani, hewa inasinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye sili. Mafuta ya difu yanageuka rangi ya chai ya maziwa, na wiki kadhaa baadaye beringi zinaanza kulia, na hakuna anayekumbuka mto. Zile dakika za sigara pale ukingoni, ambazo abiria huziita uvivu, ni matengenezo.

Kuvuka kwenyewe ni kufupi. Gia imechaguliwa nchi kavu, nzito, ya kwanza au ya pili. Ndani ya maji haibadilishwi, maana ukikanyaga klachi umeyaachia magurudumu. Anaingia polepole, wimbi dogo linajengeka mbele ya bampa, naye anakwenda kwa mwendo wa wimbi lake. Akiharakisha, anairushia injini maji. Akichelewa, wimbi linamrudia. Feni ikikutana na maji mapanga yake yanaweza kupinda mpaka yakala rejeta, kwa hiyo wengine hufunga kipande cha turubai mbele ya pua ya gari, na wengine hulegeza kabisa mkanda wa feni. Ng'ambo ya pili hasimami kushangilia. Anakwenda taratibu huku mguu ukigusa breki kidogo kidogo, kuzikausha, kwa sababu breki zilizolowa hazijali kwamba mteremko unaofuata uko karibu.

Ni kazi ya watu wawili, na ningesema anayeshika usukani si lazima awe ndiye muhimu zaidi. Utazame daraja la magogo. Mbao zimeshaibwa au kuoza, imebaki mihimili miwili mitatu iliyolazwa juu ya korongo, na nafasi ya kukosea ni upana wa kiganja. Konvoyeri anatangulia, anageuka, anatembea kinyumenyume akiwa amemkabili dereva, mikono juu. Kidole kimoja kikiinama kushoto, usukani unafuata. Ngumi ikifungwa, gari linasimama. Dereva haangalii magogo wala korongo. Anaangalia ile mikono tu. Sijui mapatano mengine ya kazi yenye imani kama hayo, na yanafanyika baina ya watu ambao saa moja kabla walikuwa wakigombana juu ya bei ya samaki.

Penye kilima konvoyeri huyohuyo anakimbia nyuma ya lori akiwa na kabari ya mti begani. Lori likisita anaitupa nyuma ya gurudumu kabla uzito haujaanza kurudi. Anafanya hivyo kwenye kona, kwenye tope, pengine usiku, na malipo yake ni madogo. Nikisikia watu wakizungumzia ushujaa wa barabarani, mimi huwaza kabari.

Jambo jingine ambalo wageni hulicheka ni usukani wa kulia. Kongo huendesha kulia, lakini magari mengi ya mashariki yamekuja kupitia bandari za Tanzania na usukani wake uko kulia vilevile. Mjini ni taabu, maana huwezi kulipita lori bila kuuliza abiria. Lakini ukirudi kutoka Baraka kuja Uvira, ziwa liko upande wako wa kulia, na mahali ambapo barabara imechongwa kwenye ubavu wa mlima na maji yako chini yako, dereva mwenye usukani wa kulia amekaa juu kabisa ya ukingo. Anachungulia dirishani, anaona tairi lake na anaona ardhi ilipoishia. Mwenye usukani wa kushoto pale anabahatisha.

Kwenye midomo ya mito, barabara inaposhuka karibu na ufuo, kuna mchanga. Hapo kazi ni kushusha upepo wa matairi. Tairi lililojazwa psi 35 likishushwa hadi 20 hurefuka chini, likakanyaga eneo kubwa na kuelea badala ya kuchimba. Wote wanalijua hilo. Wachache wanalifanya, kwa sababu baada ya mchanga lazima ujaze tena, na kama huna kompresa ni pampu ya mguu na jasho. Ukimwona dereva anashusha upepo kabla ya kukwama, umempata mwenyewe. Wengi hushusha baada ya gari kukalia tumbo.

Upande wa kaskazini mambo hubadilika. Bonde la Ruzizi ni tambarare, na tambarare ina hila zake. Msiba wa barabara ambao watu wa bonde hawatausahau haukutokea kwenye genge. Ulitokea Sange, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipopinduka na kisha kulipuka, na zaidi ya watu 230 wakafa. Madereva wa huko hupunguza mwendo Sange bila kuambiwa.

Kisha, baada ya Kamanyola, barabara ya upande wa Kongo inaanza kupanda Ngomo kuelekea Nyangezi na Bukavu. Ziwa Kivu liko karibu mita 700 juu ya Tanganyika, na sehemu kubwa ya kimo hicho hulipwa hapo, kona kwa kona. Wenye pasi na haraka huvuka mpaka wakapita Bugarama kwenye lami ya Rwanda na kurudi Kongo mbele ya safari, na siwalaumu. Ila aliyepita Rwanda hakuiona Ngomo, na aliyeiona Ngomo akishuka na mzigo ameona fani.

Kupanda ni nguvu. Kushuka ndiko kwenye akili. Kabla ya mteremko kuanza gari limeshasimama, limeshaingia gia nzito ya kwanza. Miguu yote miwili inaondoka kwenye pedeli na kuwekwa chini, na injini ndiyo inayoshika gari. Udongo mwekundu uliolowa hausamehe breki: ukizikanyaga magurudumu yanafunga, gari linageuka ubavu, na kutoka hapo linakwenda linakotaka. Sehemu ya nyuma ikianza kuteleza, dawa ni kuongeza mafuta kidogo ili magurudumu yazunguke kwa mwendo wa gari na yashike tena. Kila kiungo cha mwili wako kinakuambia ukanyage breki, nawe unaongeza mafuta. Kulijua hilo kichwani ni kazi ya dakika moja, lakini mguu huchukua miaka kulikubali. Na ukishindwa kupanda, hugeuzi gari. Unaweka gia ya kurudi nyuma, unashuka kwa mstari uleule uliopandia, ukitazama vioo. Wanaopinduka wengi ni wale walioona aibu kurudi kinyumenyume.

Tazama pia vidole gumba vya dereva. Havikumbati usukani, vimelala juu ya duara pamoja na vidole vingine. Gurudumu la mbele likigonga jiwe usukani huzunguka ghafla, na gumba lililokuwa ndani ya mkono wa usukani huvunjika. Unaweza kumtambua dereva wa milimani hata akiwa kwenye lami ya Bujumbura kwa namna alivyoshika.

Njia ya kutoka bondeni kupanda Lemera inabeba abiria wa aina nyingine. Hospitali ya Lemera ndiyo aliyoanzia kazi daktari Denis Mukwege mwaka 1983, na ndiyo iliyoshambuliwa Oktoba 1996. Wajawazito wenye matatizo husafirishwa kwenye njia hizi, na hapo ufundi una kipimo kingine kabisa: kufika haraka kunapingana na kufika bila mtikisiko. Dereva mzuri wa gari la wagonjwa hapiti juu ya jiwe kama anaweza kulizunguka, na kama hawezi, analipanda kwa tairi, kamwe halipitishi chini ya tumbo, kwa kuwa anajua difu yake inaning'inia upande gani. Anateremsha tairi kutoka kwenye jiwe kwa upole uleule aliopandia. Hapo ndipo wengi huharibu. Wanapanda kwa adabu na kushuka kwa kishindo.

Msimu wa mvua, kuanzia Septemba au Oktoba hadi Mei, neno linalotawala ni tope. Fuso zenye mizigo mizito huchimba mifereji miwili mirefu, na gari dogo likiingia humo linakalia tumbo huku magurudumu yakining'inia. Mwenye akili hupanda juu ya migongo: gurudumu moja kwenye mgongo wa katikati, jingine kwenye ukingo wa nje. Kazi hiyo inataka gari jepesi, na hapo ndipo unapomsikia konvoyeri akipiga ubavu wa gari: "Mushuke! Mushuke wote!" Watu wanashuka na kuku na watoto, wanatembea pembeni, gari linapita peke yake, wanapanda tena ng'ambo. Hakuna anayelalamika ila mgeni. Mzigo nao ulipangwa tangu Uvira kwa kufikiria mahali hapa: saruji chini na mbele ya ekseli ya nyuma, magodoro juu. Gari lililopakiwa vibaya limeshapinduka kabla halijatoka sokoni, bado tu halijafika kwenye kona yake.

Ulimwenguni wapo wanaotafuta barabara kama hizi kwa hiari. Mwaka 1991 mashindano ya Camel Trophy yaliwatoa watu kutoka nchi mbalimbali Dar es Salaam hadi Bujumbura, ng'ambo tu ya ncha ya ziwa ukitazama kutoka Uvira, wakiwa na Land Rover Discovery za rangi ya njano, winchi na mbao za kutegea magurudumu. Timu ya Uturuki ndiyo iliyoshinda. Sina dharau na mchezo huo. Kuvuka tope kwa kamba na akili ni jambo zuri popote. Ila mchezaji akikwama anapata hadithi, na wa Uvira akikwama samaki wa mama fulani wanaoza. Hilo hubadilisha namna mtu anavyolitazama dimbwi. Mchezaji hulitafuta. Huyu wetu, akiweza, hulizunguka kupitia shambani baada ya kumwomba mwenye shamba.

Na akishindwa, hukataa. Sehemu hii ya ufundi haina picha nzuri, kwa hiyo haisimuliwi. Abiria wake wana njia nyingine, maana kabla ya barabara ziwa lenyewe ndilo lililokuwa njia: Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi mwaka 1858, na mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikuja kwa mtumbwi pia kuutazama mdomo wa mto Ruzizi. Mashua za bandari ya Kalundu bado zipo. Nimemwona dereva akirudisha nauli mbele ya mto uliojaa na kumshauri mfanyabiashara apeleke magunia yake ufuoni, akajinyima riziki ya siku mbili. Mfanyabiashara alinung'unika. Dereva alikuwa ameshafungua boneti kuangalia mkanda wa feni.

Shule ya haya yote ni gari lenyewe. Kijana huanza na kabari na ndoo. Anaosha, anabadilisha matairi, anajifunza kusikia, na mahali pa kwanza anapopewa usukani ni bondeni, kiangazi, gari likiwa tupu. Baadaye tope dogo. Baadaye mteremko mfupi, mzee akiwa kando yake na mkono kwenye breki ya mkono. Mto ndio wa mwisho. Siku hiyo mzee havuki ndani ya gari. Anakunja suruali, anachukua fimbo na kuingia majini, kwanza njia ya gurudumu la kushoto, kisha ya kulia, halafu anasimama ng'ambo, anainua mikono yote miwili na kumwita kijana aje.